Antena ndiyo sikio la redio

Msikilizaji wetu, bando likiisha matangazo hayakomi. Bado yapo hewani. Kinachotakiwa ni kifaa cha kuyanasa.

Siku hizi kuna kidude kidogo kama flashi, kiitwacho RTL-SDR. Ukikiunganisha na simu ya Android kwa waya wa OTG, programu iliyomo ndani ya simu huchagua masafa na kutoa sauti, kazi iliyokuwa ikifanywa na vipuri vya redio. Hakitumii bando, ila kinakula chaji.

Wengi hukinunua wakaambulia mikwaruzo tu, wakadhani wameuziwa kibovu. Mara nyingi tatizo ni antena. Chukua 75, gawanya kwa megahezi za kituo unachokitaka: jibu ni urefu wa waya kwa mita. Kituo cha FM cha 100 kinahitaji sentimita 75. Uweke nje, juu kadiri uwezavyo, kwa sababu paa la bati huzuia mawimbi.

Kama unataka stesheni za mbali za masafa mafupi, uliza kabla ya kulipa. Vidude vingi vya bei nafuu huanzia megahezi 24, na masafa mafupi yako chini ya hapo; hayashikiki vizuri bila kifaa cha ziada na waya mrefu wa mita kadhaa.

Usipitishe antena karibu na nyaya za umeme. Na wingu la mvua likitanda, ichomoe mapema kabla radi haijaanza. Matangazo yatarudi, uhai haurudi.