Bugatti ya Ukutani na Peugeot ya Uani

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili insha ya maelezo yenye kichwa "Gari Nilipendalo". Nilidhani nimewatupia mteremko, na mimi pia nitasahihisha kwa raha. Kumbe nilijichimbia kisima. Nyumbani kwangu hapa Eastleigh nilikesha nikisoma habari za Bugatti, Lamborghini na Ferrari, daftari baada ya daftari, magari ambayo waandishi wake hawajapata kuyagusa hata kwa ncha ya kidole. Kwa kuwa wote walitazama picha zilezile, hata sifa zilifanana: mbio za umeme, rangi ya damu, mngurumo wa simba. Daftari moja tu lilikwenda njia yake. Msichana mmoja alieleza Peugeot 504 ya babu yake, ambayo, kwa maneno yake, "hukohoa mara tatu kama mzee anayebisha hodi, ndipo iwake". Nilimpa alama za juu kuliko wenzake wote, na kesho yake darasani pakazuka vita.

"Mwalimu, hizo ni alama za huruma," alinirukia kijana mmoja wa dawati la nyuma. "Lile si gari, ni chuma chakavu."

Siku hiyo sikumjibu jibu la kuniridhisha mimi mwenyewe. Niruhusu, mpenzi msomaji, nimjibu hapa.

Kwanza nimtendee haki. Bugatti Veyron iliyotoka mwaka 2005 ilikuwa na injini ya silinda 16 na nguvu za farasi 1,001, na ilifikia mwendo wa kilomita 407 kwa saa. Kabla yake kulikuwa na McLaren F1 ya miaka ya 1990. Yalitengenezwa magari 106 tu ya aina hiyo, dereva akiketi katikati kama rubani, na chumba cha injini kikatandazwa dhahabu halisi ili kuzuia joto. Hiyo ni kazi ya akili za watu, na anayeibeza ana kijicho tu. Mtoto wa Eastleigh ana haki ya kuistaajabia sawa na mtoto wa Paris.

Lakini sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini, na barabarani kote gari la binafsi halipaswi kupita 110. Ile Veyron ikikimbia kwa mwendo wake wa mwisho humaliza tangi la petroli kwa muda wa dakika kama 12. Hebu sasa ilete Second Avenue asubuhi mvua ikiwa imenyesha, mkokoteni mbele yake, matatu ya namba 9 ubavuni, na bonde la maji lisilojulikana kina chake katikati ya njia. Tumbo lake lingekwaruza ardhi kabla haijafika Jam Street. Gari hilo kwetu halina pa kwenda. Linabaki ukutani, na mapenzi yake ni mapenzi ya picha.

Mimi nami nilikuwa na picha zangu. Mwaka 1978, nikiwa darasa la pili, marehemu baba alinibeba mabegani ili nione magari ya Safari Rally yakipita. Mwaka huo alishinda Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504 ya milango miwili. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1975, Ove Andersson alikuwa ameshinda kwa 504 ya milango minne, ndugu wa zile tulizozoea kuwaona walimu wakuu na wafanyabiashara wakiziendesha. Kabla yake ilikuwapo 404, iliyotwaa mashindano hayo mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Hapo ndipo tofauti yangu na kijana wa dawati la nyuma ilipo. Gari la ndoto yangu lilipita matopeni Jumamosi likiwa na namba ya mashindano mlangoni, na Jumatatu nikaliona pacha wake kwenye kituo cha teksi, limejaza abiria, magunia ya viazi na kuku.

Naye Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari kabla ya jina lake kuvuma. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, si mpya kutoka kiwandani. Baadaye alishinda tena mara mbili, 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer. Mtoto aliyemshangilia angeweza kumtazama fundi wa mtaani kwao, mikono imejaa grisi, akaona kwamba njia ya kutoka pale hadi kwenye ushindi ipo, hata kama ni nyembamba.

Basi nisiwahadae wanafunzi. Gari la zamani halikuwa malaika. Ile 504 haikuwa na mfuko wa hewa wa kumlinda dereva, na iliyotumika kama teksi ilipakia watu kama dagaa, hata ajali ikitokea msiba huingia nyumba nyingi kwa siku moja. Iliishi kwa petroli yenye risasi, sumu tuliyoivuta sote hadi ilipoondolewa katika eneo letu mwaka 2006. Isitoshe, sisi wazee huikumbuka ikienda, tukasahau ni mara ngapi tuliisukuma.

Kinachoniuma ni kingine. Babu wa msichana yule ni jirani yangu wa uani, na kwa miaka mingi nimemwona akilitibu gari lake. Pointi zikichakaa, huzisugua na kuzipima kwa kipande cha kiberiti. Mkanda wa feni ukikatika safarini, soksi ya kike ilimfikisha nyumbani. Huegemeza sikio kwenye boneti, akatambua silinda gani inagoma. Vijana waliokaa naye walijifunza bila karo. Magari ya leo, tunayoagiza yakiwa na umri usiozidi miaka minane, huficha maradhi yao ndani ya kompyuta. Najua vijana wa Kirinyaga Road wamenunua mashine za kuisoma, na nawavulia kofia. Lakini mashine hukwambia kifaa cha kubadilisha, haikwambii kwa nini kimekufa.

Na sasa ajabu nyingine. Tangu mwaka 2003 yako mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na katika uwanja wa Ngong Racecourse magari ya kale hushindanishwa kwa usafi, yaking'aa kuliko siku yalipozaliwa. Napenda kuyatazama. Ila nikiwa pale huona kwamba gari la mnyonge limegeuka pambo la mwenye nacho, na yule aliyelisukuma amebaki nje ya ua.

Mzee jirani yangu hana ua tena. Tangu Garissa Lodge ilipogeuzwa kutoka nyumba ya wageni ikawa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eastleigh imekuwa ikipanda juu ghorofa baada ya ghorofa, na zamu ya uwanja wetu imefika. Mwenye ploti ametaka gari liondolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu amekwisha kuja na mizani, bei yake kwa kilo.

Jumamosi iliyopita nilimwalika kijana wa dawati la nyuma aje alione hilo chuma chakavu kabla halijapimwa. Alifika kwa shingo upande, viatu vyeupe. Mjukuu wa mzee alifungua boneti, na kijana akainama akitafuta kwa macho.

"Shikamoo, babu. Kompyuta yake iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Vua hilo saa lako, ushike spana hii."

Walianza na plagi, wakaja kwenye kabureta. Mzee aliketi juu ya debe, akieleza bila kugusa kitu. Gari lilikohoa mara moja, likanyamaza. Nilipoondoka kwenda dukani kununua mkate, kijana alikuwa amelala chini yake, viatu vyeupe vimechungulia nje, na gari lilikuwa bado halijawaka.