Tambua ubao mama kabla ya kununua prosesa
Mkazi wa Same au wa vijiji vya Milima ya Upare anayetaka kuongeza kasi ya kompyuta yake kuukuu hana budi kuutambua kwanza ubao mama, kabla ya kulipa nauli ya kwenda Moshi kununua prosesa.

Kufanana kwa soketi, yaani mahali pa kupachika prosesa, hakutoshi. Baadhi ya Pentium 4 za mwaka 2004 na Core 2 Duo za mwaka 2006 hutumia soketi moja, LGA 775, lakini ubao wenye chipuseti ya Intel 915 haukubali Core 2 Duo.

Namba ya modeli kwa kawaida huchapishwa juu ya ubao. Programu ya CPU-Z nayo huionyesha bila kufungua kasha. Kwa namba hiyo, orodha ya mtengenezaji hubainisha prosesa zinazokubalika.