Kolwezi: Apostrofi moja inaweza kufuta jina lako kwenye orodha ya malipo

KOLWEZI – Mfanyakazi anafika dirishani kuuliza mshahara wake. Karani anaandika jina kwenye kompyuta: M'Siri. Jibu linatoka: hakuna. Kumbe jina liko ndani. Programu ndiyo imeshindwa kusoma alama moja ndogo.

Hilo ni jambo linaloweza kutokea katika ofisi yoyote inayotunza orodha za watu. Hapa Lualaba alama hiyo inajulikana sana. M'Siri ndiye mwami wa Bayeke aliyetawala kutoka Bunkeya, katika wilaya ya Lubudi, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Wengine wanaandika Msiri, wengine Mushidi, lakini kwa Kifaransa jina lake huandikwa mara nyingi na apostrofi.

Shida inaanzia wapi

Hifadhidata nyingi huulizwa kwa lugha ya SQL. Katika lugha hiyo, neno linalotafutwa hufungwa kati ya apostrofi mbili, kama 'Mwenda'. Programu ikituma 'M'Siri', mashine inaona kwamba neno limeishia kwenye M. Sehemu iliyobaki inakuwa maneno yasiyo na maana, na swali zima linakwama. Programu iliyotengenezwa haraka inaficha kosa hilo na kusema tu kwamba jina halipo.

Katika MySQL, dawa moja ni kutanguliza mkwaju wa nyuma, yaani alama \, hivi: 'M\'Siri'. Mkwaju huo unaiambia mashine: apostrofi inayofuata ni sehemu ya jina. Dawa nyingine, inayokubaliwa na hifadhidata nyingi, ni kuandika apostrofi mara mbili: 'M''Siri'. Hiyo ndiyo salama zaidi kwa anayehama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, kwa sababu tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, PostgreSQL haiuhesabu tena mkwaju kuwa alama ya pekee ndani ya neno la kawaida.

Mkwaju nao una hila zake. Folda ikiandikwa 'C:\mashamba\takwimu', MySQL inasoma \t kama nafasi ya tabo, na mkwaju ulio mbele ya m unapotea. Kinachohifadhiwa ni «C:mashamba», nafasi, kisha «akwimu». Folda ikiitwa namba, \n inakata mstari. Ili njia ibaki nzima, kila mkwaju unaandikwa mara mbili.

Kutafuta kwa kufananisha

Karani akitafuta kwa amri ya LIKE, alama % inasimama badala ya herufi zozote, na _ badala ya herufi moja yoyote. Kwa hiyo anayetafuta mfuko wa madini wenye nambari KZ_01 anaweza kuletewa pia KZ-01 na KZA01. Mifuko miwili ya watu wawili tofauti inaweza kuhesabiwa kama ya mtu mmoja. Anayetaka _ yenyewe anatanguliza mkwaju.

Kutafuta mkwaju wenyewe kunachosha zaidi. Katika MySQL inabidi kuandika minne: '%\\\\%'. Sababu ni kwamba swali linasomwa mara mbili. Msomaji wa kwanza anageuza minne kuwa miwili, na yule wa kufananisha anageuza miwili kuwa mmoja.

Kazi hiyo inahitajika wakati wa kusafisha orodha za zamani. Zamani lugha ya PHP ilikuwa ikiongeza mikwaju yenyewe, na mtengenezaji wa programu akiongeza yake juu, jina lilihifadhiwa kama M\'Siri. Likihaririwa tena, likawa M\\\'Siri. PHP iliondoa utaratibu huo katika toleo la 5.4, mwaka 2012, lakini majina yaliyoharibika hayakujisahihisha.

Mlango wa wezi

Pale ambapo apostrofi inakwamisha swali, mwizi anaweza kupenyeza amri zake. Njia hiyo ilielezwa hadharani mwaka 1998 katika jarida la Phrack. Mwaka 2015, kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa kwa njia hiyo data za wateja karibu 157 000. Mwaka uliofuata ilipigwa faini ya pauni 400 000.

Wataalamu wanashauri kutohangaika na kuhesabu mikwaju. Swali linatayarishwa kwanza, likiwa na nafasi wazi, kisha jina linatumwa peke yake. PHP ina PDO kwa kazi hiyo. Hapo apostrofi haiwezi tena kuwa amri. Ila alama % na _ ndani ya LIKE bado zinahitaji mkwaju.

Kabla ya kulipia programu mpya, mwenye ofisi anaweza kufanya jaribio la dakika moja: aandike M'Siri, ahifadhi, kisha alitafute. Jina lisiporudi jinsi lilivyoandikwa, programu irudishwe kwa aliyeitengeneza.