Samadi Inaponuka, Mbolea Inapotea

Mwezi Machi, kabla masika hayajaanza, vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro na Meru hunuka samadi. Viroba vya mbolea ya kuku hushushwa kando ya mashamba ya nyanya na kabichi, na samadi ya ng'ombe hutolewa zizini kupelekwa kwenye migomba na kahawa. Anayeishi jirani hufunga madirisha na kuvumilia, maana mwenye shamba mara nyingi ni ndugu yake.

Harufu ile inayochoma macho ni gesi ya amonia. Hutoka pale vijidudu vinapovunjavunja mkojo wa ng'ombe, au asidi ya yuriki iliyomo katika kinyesi cha kuku. Ndani ya amonia kuna naitrojeni, kirutubisho kile kile ambacho mkulima hukifuata dukani kwenye mfuko wa urea. Samadi ikimwagwa na kuachwa juani, amonia hupaa, na sehemu kubwa ya hasara hutokea ndani ya saa 24 za mwanzo. Ikifukiwa kwa jembe siku hiyo hiyo, naitrojeni hubaki udongoni na harufu hupungua sana. Hapo mkulima na jirani yake wanataka kitu kimoja, ila hawajakaa wakaambiana.

Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua siku hizo, na ni vema akae mbali na shamba linapomwagwa samadi. Mimi lakini nina wasiwasi zaidi na maji. Mvua kubwa ya kwanza huisomba samadi iliyo juu ya udongo na kuiingiza katika mifereji ile ile ambamo baadhi ya kaya bado huchota maji. Humo huwamo bakteria wa kuharisha, kama vile salmonela. Hao hufa maji yakichemka.

Naitreti ni jambo jingine, na hapa naomba kina mama wanisikilize. Hutokana na naitrojeni ya samadi, huzama taratibu hadi kwenye visima vifupi, haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua jikoni kwa kuchemka, naitreti huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa kuwalinda watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo, na midomo yake hugeuka rangi ya samawati. Kisima kilichopakana na shamba la samadi kisitumike kukorogea maziwa ya mtoto mpaka maji yapimwe. Anayenyonya kwa mama yuko salama zaidi.

Inzi nao wana hesabu yao. Katika joto, yai huwa inzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo lundo bichi lililosahaulika wiki mbili huzaa kizazi kizima. Lundo linalopinduliwa mara kwa mara na kufikia nyuzi joto 55 huua mayai, funza na vimelea vingi, nalo hutoa mboji isiyonuka.

Kama samadi imeshamwagwa na mawingu yanatanda, usingoje kikao cha kijiji. Nenda kwa mwenye shamba leo, kwa heshima, umwombe aifukie kabla ya jioni, na aache ukanda wa majani bila samadi kando ya mfereji.