Biashara ya Kumwahi Mbawakawa Msituni

Ips typographus ni mbawakawa wa milimita 5 hivi, lakini baada ya ukame wa 2018 alilitikisa soko la magogo la Ulaya ya Kati. Huko Ujerumani na Jamhuri ya Czech, misprusi iliyokosa maji haikuwa na utomvu wa kutosha kumzuia asitoboe gome. Miti ikavunwa kwa pupa, magogo yakafurika sokoni, bei ikaporomoka. Isitoshe, mdudu huyu huingia na kuvu inayoacha michirizi ya bluu ndani ya mti. Ubao hubaki imara, ila mnunuzi akiiona michirizi hiyo hushusha bei.

Tiba ni kuutoa mti msituni kabla kizazi kipya hakijaruka. Wakati wa joto, hiyo ni kama wiki 6 hadi 10 tu. Muda huo ndio unaouzwa na wachambuzi wa picha za satelaiti.

Picha zenyewe si adimu. Satelaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya hupita kila siku 5 hivi, pikseli zake ndogo zaidi ni za mita 10, na data ni bure. Kinacholipiwa ni uchambuzi: programu huondoa mawingu, hulinganisha eneo lilelile wiki kwa wiki, na kusoma mwanga wa infraredi, ambao hubadilika majani yanapokauka. Kwa msitu mkubwa, hakuna jicho la binadamu linaloweza kufuata kasi hiyo. Kwa mfano, huko Oregon na Washington, Marekani, uchunguzi wa misitu wa kila mwaka kwa ndege ulianza 1947: mtu anachungulia dirishani na kuchora ramani. Corona ilipozuia safari nyingi mwaka 2020, satelaiti zilibeba sehemu ya mzigo huo.

Hata hivyo, mti uliovamiwa hubaki kijani kwa wiki kadhaa. Bwana misitu huutambua kwa unga wa kahawia, kama kahawa ya kusaga, uliodondoka shinani. Satelaiti huuona vizuri ukishakuwa mwekundu, na mara nyingi wadudu wameshahama. Kwa hiyo sioni busara kununua programu huku ukipunguza mabwana misitu. Wao ndio wanaoitofautisha miti yenye wadudu na ile iliyochomwa na jua, na programu hujifunza kutokana na majibu yao. Mwenye msitu anayeletewa mkataba aulize kwanza: kati ya miti mliyoitia alama msimu uliopita, mingapi ilifikiwa kwa miguu, na mingapi ilikutwa na wadudu bado ndani?