Kubeba Mimba ya Wengine

 

Baada ya swala ya Ijumaa hapa Tabata, mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu na deni la kodi ya nyumba, alituletea swali kupitia kwa mke wa imamu. Mtu na mkewe wasiojaliwa uzazi wamemwahidi fedha nyingi akikubali yai la mke, lililotungishwa kwa mbegu ya mume, lipandikizwe katika mji wake wa mimba, kisha akijifungua awakabidhi mtoto. Akauliza: Je, hii ni zinaa? Na kama si zinaa, ubaya wake uko wapi?

Twamjibu kwa heshima, maana ameuliza kabla ya kutenda. Si zinaa, kwani hapana aliyemwingilia. Lakini si kila kisichokuwa zinaa ni halali. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na wanazuoni hawakukawia kulitazama jambo hilo. Mwaka 1984 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu sura moja tu: mke ambebee mke mwenziwe, mume wao akiwa mmoja. Mwaka 1985 likaiondoa ruhusa hiyo, kwa kuwa mbebaji huenda akashika na mimba yake mwenyewe, isijulikane mtoto yupi ni wa nani. Mwaka 1986 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Amman, ilikataza kabisa kutumia tumbo la mwanamke mwingine; ikawaruhusu mume na mke, panapo haja, watungishe mbegu na yai lao, mimba ikae kwa mke huyo huyo. Wapo wanazuoni wa Kishia, hasa Iran, walioona vingine. Sisi twafuata rai ya wengi.

Sasa mama huyu na azingatie. Katika Suratul Mujadila, akina mama watambuliwa kuwa ni wale waliozaa. Kwa hiyo wanazuoni wengi husema kwamba atakayejifungua ndiye mama, ingawa yai si lake. Ikiwa maziwa peke yake huwafanya walionyonya kuwa ndugu, itakuwaje kwa aliyelishwa kwa damu yake miezi tisa? Watoto wake watatu watakuwa na ndugu Kimanga au Segerea, wasimjue, na kesho mmoja wao aende kumposa.

Tena kuna mwili wake. Kifafa cha mimba, kutoka damu na kupasuliwa havichagui mimba ya nani. Yakimfika, mayatima hawa watabaki na nani?

Wala asiutegemee sana mkataba. Mwaka 1988 mahakama ya juu ya New Jersey, Marekani, ilibatilisha mkataba wa namna hii, ijapokuwa huko yai lilikuwa la mbebaji mwenyewe. Na jirani zetu Kenya, pacha waliozaliwa kwa njia hii walichukuliwa na idara ya watoto kwa kutojulikana waandikwe kwa jina la mama yupi, hata shauri likafika Mahakama Kuu, iliyoamua mwaka 2014 kwamba haki za wahusika zilivunjwa.

Deni la kodi hakutuuliza, alilitaja tu. Hilo tumelifikisha kwa kamati ya zaka, na kodi ya miezi mitatu imelipwa.

Wabillahi taufiq.