Nakuru: Ziwa lisilojua kupwa

Mtu wa Pwani akifika mji wenye maji, kwanza huuliza bandari iko wapi. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, haina. Ziwa liko chini ya mji, lakini limezungushiwa ua wa mbuga, na kuingia ni kwa tiketi.

Upande wa Barut, mzee mmoja alininyooshea kidole majini. "Pale ndipo palipokuwa na jiko langu."

"Mzee wangu, hayapwi?" nikauliza. Akacheka.

Bahari yetu hujaa na kupwa kila siku. Ziwa Nakuru hupokea mito ya Njoro, Makalia na Nderit, wala hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yake hupunguzwa zaidi na jua. Tangu miaka ya 2010 mvua imezidi, nalo likapanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Lango kuu la mbuga lilimezwa. Magadi yakazimuliwa, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, na ndege wengi wakahamia Bogoria.

Pwani, kabla ya kujenga, tunauliza maji ya bamvua hufika wapi. Bamvua ya ziwa hili haifuati mwezi. Huweza kuchukua miaka mingi, na anayenunua kiwanja wakati wa ukame haioni. Afadhali kuwauliza wazee kwanza.

Yule mzee bado ana hati ya shamba. Shamba lenyewe limo ziwani.